Kicheko cha Bi Nyamizi

Zamani msimulizi alisema paukwa, watu wakajibu pakawa, basi, hadithi imeanza. Siku hizi katika nchi yetu ukitaka kusema paukwa lazima kwanza ueleze kama unasimulia kwa biashara au kwa kujifurahisha, maana kodi zake si moja. Kwa hiyo natangaza mapema: nasimulia kwa biashara. Sifurahii hata chembe. Mgongo unaniuma, koo limenikauka, na kama si wajibu ningekuwa nimelala.

Jina la nchi sitalitaja. Si kwa woga, la hasha, nani anaogopa katika nchi yenye amani kama yetu? Ni adabu tu. Mimi ni mpiga mbiu wa kata ya Bondeni. Serikali ikitunga sheria, mimi ndiye ninayepita na mbiu yangu kuwaeleza watu jinsi walivyobahatika. Nimetangaza kodi ya kivuli cha miti. Nimetangaza msamaha wa madeni kwa watu wasiodaiwa. Sijawahi hata mara moja kukohoa katikati ya tangazo, kwa hiyo mniamini.

*

Mwaka ule Waziri wa Mapato na Maadili, Mheshimiwa Profesa Daktari Balozi Kundaeli, alikuja mwenyewe Bondeni. Mwamvuli wake ulitangulia kufika, tukaushangilia huo kwanza, halafu akaja yeye tukamshangilia kwa sauti zilizobaki.

"Ndugu wananchi," akasema, "taifa letu linavuja. Na linavujia wapi? Linavujia kwa mafundi! Wapo watu humu wanachonga, wanasuka, wanafinyanga, na ukiwauliza wanakwambia wanafanya kazi. Kazi! Wakati wapelelezi wetu wamewasikia wakipiga miluzi!"

Watu wakaguna kwa aibu.

"Nawauliza, mtu aliye kazini hupiga mluzi? Mimi nimelitumikia taifa hili tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nani kati yenu amewahi kunisikia nikipiga mluzi?"

Tukajibu kwa pamoja kwamba hatujawahi.

"Naam! Kazi ni kitu kinachouma. Kisichouma ni mchezo, mchezo ni starehe, na starehe hulipiwa. Serikali haina ugomvi na anayecheza. Acheze! Ila asituletee mchezo wake sokoni akauita biashara!"

Hapo akacheka sana, mpaka kitambi kikagonga kipaza sauti. Msaidizi wake akasimama haraka kutueleza kwamba kile hakikuwa kicheko cha furaha, kilikuwa kicheko cha majukumu.

Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi, hata mimi niliielewa. Fundi anayeumia katika ufundi wake ni mfanyabiashara: anapewa cheti, analipa kodi yake, anauza. Fundi anayeufurahia ni mpenda pumbao: haruhusiwi kuuza, na kwa kuwa anastarehe, analipia starehe hiyo. Akishindwa kulipa, serikali inamwondolea kishawishi kwa kuchukua vifaa vyake. Mzee mmoja akaniuliza, sasa mtu aliyekatazwa kuuza atapata wapi cha kulipa? Nikamwambia hilo si swali, ni uchochezi. Akaenda zake.

*

Tukaletewa Afisa Mpima Furaha, Bwana Fulgensi Lyandala, Daraja la Pili. Mtu mpole kweli kweli, anaamkia wakubwa, anasalimia watoto, wala hana ubaya na mtu. Alikuwa na utepe wa fundi cherehani shingoni. Akifika kwa fundi anakaa pembeni, anamtazama akifanya shughuli zake, na midomo ya mtu ikianza kutanuka tu, anainuka taratibu na kuupima mdomo kutoka pembe hii hadi pembe ile. Dalili nyingine alizifundishwa ng'ambo: kuimba kwa puani, kutikisa kichwa, na ile mbaya kuliko zote, kurudi nyuma ukaitazama kazi yako baada ya kuimaliza.

Alianza na Lugendo, fundi viatu. Lugendo ni mtu wa Mlimani aliyelowea kwetu Bondeni, meno yake ya kuhesabu, mdomo wake hauna pazia. Bwana Lyandala alimkuta akigombana na buti.

"Mwanaharamu we! Sindano inaingia kidoleni mwangu lakini kwako haiingii! Nani alikuvaa wewe, kiboko?"

Bwana Lyandala akasikiliza asubuhi nzima kwa heshima kubwa. Mchana akampa Lugendo cheti cha mfanyabiashara, bila hata kutoa utepe.

Kisha akaenda kwa Bi Nyamizi.

Bi Nyamizi alikuwa mfinyanzi. Mumewe alifariki, wanawe wawili walimtangulia kaburini, shamba hana. Alichokuwa nacho ni shimo la udongo kwenye kona ya mto alilorithi kwa mama yake, na tanuri uani. Akiamka anakwenda shimoni, akirudi anafinyanga, na vyungu vyake ndivyo vilivyompa chumvi, mafuta na sababu ya kuamka. Ukimwondolea hivyo, unakuwa umemwondoa yeye.

Sasa hapa lazima niwaeleze desturi yetu, la sivyo mtadhani mama yule alikuwa mjinga. Sisi wa Bondeni na wale wa Mlimani ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakakubaliana watukanane milele badala yake. Mtani akikutusi hununi wala hukanushi. Unakubali, unaongezea lako, unacheka. Na kwa wafinyanzi lipo jambo la ziada: vyungu vikiwa motoni havisifiwi. Vikisifiwa vinapasuka. Huitwa mtani avitukane, na mwenye vyungu acheke, mpaka moto ushuke. Mtani wa Bi Nyamizi alikuwa Lugendo, tangu wote wawili wakiwa na meno.

Siku hiyo tanuri lilikuwa limewashwa na Lugendo alianza tangu njiani.

"Mtani! Hivi ndivyo vyungu, au ni vichwa vya wajomba zako?"

"Vya wajomba zangu, mtani, na kile kilichopinda ndicho chenye akili!"

"Mbwa wangu akinywea humu atachekwa na mbwa wenzake!"

"Mbwa wako ana aibu? Basi hakufundishwa na wewe!"

Bwana Lyandala akasogea na utepe wake. "Samahani, Mzee Lugendo. Wewe ni jirani. Huyu mama anafanya kazi gani?"

Moto ulikuwa umepanda. Lugendo angesemaje? Aseme ni mfinyanzi hodari, vyungu vya msimu mzima viende na maji?

"Kazi?" akapaaza sauti. "Tangu lini Nyamizi akafanya kazi? Anachezea tope tu, kama mtoto aliyeona mvua!"

"Ni kweli, mama?"

Bi Nyamizi alilitazama tanuri, akamtazama afisa. Nadhani alijua. Lakini alilelewa na mama yake, hakulelewa na wizara.

"Kweli tupu, baba! Tangu nizaliwe nacheza tu. Siku nitakayofanya kazi, mtani wangu huyu ataota meno mapya!"

Halafu akacheka. Jamani, kicheko cha Bi Nyamizi! Kilianzia tumboni, kikapanda mabegani, kikamtoa machozi, na kuku wa jirani wakakimbia. Bwana Lyandala akaupima mdomo ule, utepe ukafika mwisho, ikambidi aongezee kwa shubiri.

Vyungu vilitoka motoni salama, hata kimoja hakikupata ufa. Kesho yake tanuri lilizungushiwa kamba ya serikali.

*

Bi Nyamizi alikata rufaa, kwa kuwa nchi yetu ina haki. Baraza la Rufaa za Furaha lilikaa mjini, mwenyekiti akiwa jaji mstaafu ambaye mwenyewe tunaambiwa hakuwahi kutabasamu tangu harusi yake.

"Mama," akauliza, "chakula chako unakula kwenye chombo gani?"

"Kwenye bakuli langu, mheshimiwa."

"Zima?"

"Zima, lina samaki wa nakshi ukingoni. Nililifinyanga mwenyewe."

"Kwa ajili ya kumuuzia nani?"

"Sikuuza. Nililipenda tu."

Ukumbi ukasema aa! Mwenyekiti akavua miwani. "Wahenga, ambao ni washauri wa kudumu wa Baraza hili, walisema mfinyanzi hulia gaeni. Wewe unakula kwenye bakuli zima, tena lenye samaki, halafu unasimama hapa kudai u mfinyanzi? Bakuli liletwe liwe kielelezo."

Akaitwa Lugendo. Alikuwa amevaa koti la kuazima na amenyoa ndevu, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitafuta maneno.

"Nilikuwa namtania, waheshimiwa. Huyu mama anafanya kazi kuliko punda."

"Kwa hiyo ulichomwambia afisa wa serikali hakikuwa kweli."

"Kilikuwa utani."

"Utani ni kweli au ni uongo?"

Lugendo akafikiri. Mlimani kote na Bondeni kote hakuna mtu aliyewahi kuulizwa swali kama hilo.

"Tukusaidie," mwenyekiti akasema kwa upole. "Kama ulisema kweli, mama huyu anacheza, na shimo lake na tanuri lake vinachukuliwa leo. Kama ulisema uongo, mama atapewa muda wa matazamio, na wewe unakwenda jela. Chagua kwa uhuru kabisa. Hii ni nchi huru."

Lugendo akamtazama mtani wake. "Nilisema uongo," akasema. "Nipelekeni."

Askari wakamshika. Bi Nyamizi akawafuata hatua mbili. "Mtani, wafungwa wataomba msamaha wa rais kwa harufu ya miguu yako."

"Nitawaambia nimeichota kwenye chungu chako," Lugendo akajibu kutoka mlangoni, na wote wawili wakacheka, machozi yakiwatiririka.

"Wanacheka tena!" mwenyekiti akasema kwa mshangao. Palepale Baraza likapiga marufuku utani kati ya watu wa Bondeni na wa Mlimani, kwa kuwa ni ushirika usiosajiliwa. Mimi ndiye niliyeipigia mbiu marufuku hiyo. Sikukohoa.

*

Matazamio yalikuwa hivi: tanuri lifunguliwe, Bi Nyamizi afinyange, na Bwana Lyandala akae uani kwake kuanzia asubuhi kuhakikisha hafurahii.

"Mama, umeimba."

"Sikuimba, baba. Ni pumzi tu."

"Pumzi ilikuwa na kiitikio."

Akajifunza kupumua vingine. Akajifunza kumaliza chungu na kukisukuma pembeni bila kukitazama, kama mtu anayemkwepa mdai. Bwana Lyandala alimsifu kwa maendeleo, akamwazima hata kitambaa cha kufunga taya ili zisimponyoke.

Siku ya kuchoma ikafika. Mtani yuko jela. Nilitaka kwenda mimi kuvitukana vile vyungu, sheria au si sheria, lakini mimi ni mtu wa Bondeni, na tusi la ndugu si utani, ni tusi tu. Nikasimama nje ya ua kama mwizi, nikichungulia na kusikiliza. Moto ukapanda, kimya. Kisha nikasikia paa! Kimya tena. Paa! Paa! Kila mlio mama yule aliinua mabega kidogo, kama anayepigwa. Niliumia, naiomba radhi serikali kwa kuumia nje ya saa za kazi.

Cha mwisho kilipopasuka, Bi Nyamizi aliketi chini akalia.

Bwana Lyandala akaruka kutoka kitini. "Hongera, mama! Hongera sana! Sasa unafanya biashara!" Akamkabidhi cheti chenye muhuri, mikono yote miwili, kwa heshima. Alikuwa na furaha ya kweli, ikabidi ageuke ukutani mpaka imtoke.

Na kwa kuwa bakuli lake lilibaki kwenye Baraza, jioni hiyo Bi Nyamizi aliokota gae akalia ugali humo. Wahenga wakawa wametekelezwa.

Akachoma tena, vikapasuka. Akachoma tena. Hata cha kunyweshea kuku hakupata. Ndipo ikagunduliwa kwamba sheria ile ina kifungu kingine, ambacho hatukusomewa kwa sababu jua lilikuwa kali siku ile ya Waziri: mtu mwenye akili timamu haendelei na jambo linalompa hasara kila mara, isipokuwa awe analipenda mno. Bi Nyamizi ameendelea. Basi analipenda. Basi ni pumbao. Cheti kikarudishwa, shimo la udongo na tanuri vikachukuliwa.

Mimi ndiye niliyetangaza, mbele ya mlango wake. Alisimama kizingitini, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko. Nilipomaliza akaniambia, "Umetangaza vizuri, mwanangu." Afadhali angenitemea mate.

*

Msidhani serikali ilimtupa. Shimo lile alipewa mke wa Waziri, ambaye daktari alimwandikia apumzishe mawazo, akajenga juu yake Jumba la Udongo na Utulivu. Wake wa wakubwa wanakuja pale alasiri, wanavaa aproni, wanachezea udongo, wanapiga kelele za furaha mpaka ng'ambo ya mto zinasikika. Nikamuuliza Bwana Lyandala kwa nia njema kabisa kama hapo napo patapimwa. Akanieleza kwamba kile si pumbao wala si biashara, ni huduma kwa taifa, na huduma kwa taifa haina kodi.

Bi Nyamizi akaajiriwa awe maonyesho. Alikaa kwenye jukwaa dogo, amevaa kanga yenye picha ya mke wa Waziri, anafinyanga. Wageni walikuwa wamesikia habari za kicheko chake, wakakiulizia, kwa hiyo kikawekwa kwenye ratiba. Kila siku saa kumi kengele inalia, Bi Nyamizi anacheka. Bwana Lyandala, ambaye sasa ni Daraja la Kwanza, anasimama kando na utepe kuhakikisha mdomo haupungui kipimo. Ukipungua, posho inakatwa. Bakuli la samaki nililiona pale mezani. Mke wa Waziri alikuwa akiweka humo maganda ya karanga.

Lugendo alitoka jela baada ya mavuno. Meno aliyoingia nayo yalibaki huko, sijui kama yalitozwa ushuru. Hakupitia nyumbani. Alikuja moja kwa moja na vumbi lake, akalipa kiingilio, akasimama katikati ya wake wa wakubwa. Nilikuwepo, nimekuja kutangaza mashindano ya aproni.

Bi Nyamizi alikuwa ameinama. Lugendo akakohoa.

"Mtani," akasema, na sauti yake ilikuwa kama zamani, "hivi ndivyo vyungu, au ni vichwa vya wajomba zako?"

Wake wa wakubwa wakashtuka. Mikono ya Bi Nyamizi ikasimama juu ya udongo. Aliinua uso, akamwona, na mimi nikaona lile jambo likianza tumboni, likapanda, likafika mabegani. Nikasema moyoni, lete, mama, lete!

Bwana Lyandala akanyoosha utepe.

Mabega yakashuka. "Karibu sana, mteja," Bi Nyamizi akasema. "Kicheko ni saa kumi."

Lugendo alikwenda akakaa kwenye benchi, mikono mapajani, akangoja. Saa kumi kengele ikalia, Bi Nyamizi akafungua mdomo akacheka kicheko kirefu, kwa kipimo kamili, na wake wa wakubwa wakapiga makofi. Lugendo alikisikiliza chote, kichwa kimeinama upande, kama mnunuzi anayegonga chungu kwa kidole kusikia kama kina ufa. Kilipokwisha akainuka akasogea jukwaani.

"Haya, mtani," akasema taratibu. "Leo umefanya kazi." Akafungua mdomo kumwonyesha fizi tupu. "Na meno sijaota."

Katika maisha yao yote ilikuwa mara ya kwanza Lugendo kumwambia yeye mwenyewe sifa. Akatoka bila kugeuka nyuma. Bwana Lyandala akaniuliza kama yale yalikuwa matusi, nikamwambia hapana, mkubwa, zilikuwa sifa.

Kesho yake saa kumi kengele ililia, na hapakuwa na wa kucheka. Tulimkuta nyumbani kwake, amelalia mkono. Tulimzika Ijumaa. Kwetu mtani ndiye anayefungua mazishi: anakaa kando ya kaburi anamtukana maiti mpaka waliofiwa wacheke, ndipo udongo unatiwa. Lugendo alikuja, akakaa kando ya kaburi, akatutazama. Marufuku ilikuwa bado inatumika, na Bwana Lyandala alikuwa amekuja kutoa rambirambi, utepe shingoni. Tukautia udongo kimya kimya.

Hadithi yangu ndiyo hiyo. Nimeisimulia mwanzo hadi mwisho bila kuifurahia. Muandike hivyo.